Kladi: tawi pamoja na vijitawi vyake vyote

Kamongo ana undugu wa karibu zaidi na ng'ombe kuliko alio nao na sato. Sentensi hiyo huiandika ubaoni kila tunapofika mada ya uainishaji wa viumbe, na kwa kuwa nafundisha Kanda ya Ziwa, haipiti bila mzozo. Wanafunzi wangu wamekulia Sengerema, Ukerewe na Magu. Sato wamempaa magamba tangu wakiwa wadogo, kamongo wamemwona akikaushwa kwa moshi nyuma ya nyumba. "Mwalimu, kamongo ni samaki," huniambia, na sauti inabeba na huruma kidogo, maana huenda mwalimu hajui. Mzozo huo naupenda. Bila huo, neno ninalotaka kuwafundisha halina kazi yoyote ya kufanya.

Neno ni kladi.

Limetoka kwenye Kigiriki, klados, yaani tawi. Aliyeliingiza katika biolojia ni Mjerumani Ernst Haeckel, profesa wa Chuo Kikuu cha Jena, katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1866. Kitabu hicho ndicho kilichotupa pia maneno ekolojia, filojenia na faila. Ni machache sana yaliyoandikwa katika sayansi ya viumbe ambayo yamezaa istilahi nyingi namna hiyo kwa mpigo. Lakini kladi ya Haeckel haikuwa kladi ya leo. Kwake ilikuwa ngazi mojawapo tu katika orodha ya ngazi, imekaa kati ya faila na ngeli, na wala haikudumu. Faila ikaota mizizi, kladi ikasahaulika kwa muda mrefu.

Aliyelifufua ni Mwingereza Julian Huxley, mwaka 1957. Mjerumani mwingine, Bernhard Rensch, alikuwa ameshaandika kuhusu kladojenesisi, yaani mgawanyiko wa mstari mmoja wa viumbe kuwa mistari miwili. Huxley akasema matokeo ya mgawanyiko huo nayo yanahitaji jina, akalichukua hilo. Hapo hapo akalitenganisha na neno la pili, gredi. Gredi ni kundi la viumbe waliofikia kiwango kimoja cha maumbile, hata kama wamefika kwa njia tofauti. Kladi ni kundi la viumbe waliotoka kwa mhenga mmoja, hata kama leo hawafanani hata kidogo.

Huxley huyu ana historia na sisi ambayo ni vigumu kuipita. Mwaka 1929 Ofisi ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma Afrika Mashariki, akazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kazi aliyopewa ilikuwa kutoa ushauri juu ya ufundishaji wa biolojia katika shule za huku. Mtu aliyekuja kutazama biolojia ifundishweje kwetu ndiye aliyekuja kulipa neno kladi maana yake mpya miaka 28 baadaye. Nalitaja hili darasani kwa sababu wanafunzi wengi wanaamini istilahi zimeshuka zenyewe kutoka mahali fulani. Hazikushuka. Kila moja ilitungwa na mtu, mwaka fulani, akiwa na hoja anayotaka kuishinda.

Maana ya kladi ni fupi: mhenga mmoja na wazao wake wote. Kazi yote iko kwenye neno "wote". Ukiandika orodha ya wazao wa babu fulani, ukamwacha mjukuu mmoja kwa kuwa alihamia mjini akabadili mavazi na lafudhi, hujaandika ukoo. Umeandika orodha ya wanaofanana. Ukubwa hauna maana hapa. Viumbe wote wenye uti wa mgongo ni kladi moja, na spishi mbili zilizotengana juzi nazo ni kladi. Kladi hukaa ndani ya kladi, nayo ndani ya nyingine, mpaka kwenye mzizi.

Ngazi tunazozifundisha, yaani himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, zina msingi mwingine. Kiini chake ni kazi ya Carl Linnaeus wa Sweden, na toleo la kumi la kitabu chake, la mwaka 1758, ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Linnaeus aliandika karne nzima kabla ya Darwin. Alikuwa anapanga viumbe kama alivyowaona, kwa kufanana kwao, akiamini anausoma mpango wa Muumba. Hakuwa akitafuta wahenga. Darwin alipotoa hoja yake mwaka 1859 kwamba viumbe vimeunganishwa kwa nasaba, ngazi za Linnaeus zilibaki pale pale, zikapewa tu maelezo mapya. Kwa miaka karibu mia moja hakuna aliyeuliza kwa ukali kama kila kundi kwenye orodha ni ukoo kweli.

Aliyeuliza alikuwa mtaalamu wa nzi.

Willi Hennig alizaliwa mwaka 1913 huko Saxony, Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikuwa askari. Akajeruhiwa upande wa mashariki, kisha akapelekwa kufanya kazi ya wadudu waenezao magonjwa, hasa mbu wa malaria. Mwaka 1945 Waingereza wakamkamata Italia. Akiwa mateka wa vita aliandika kwenye daftari rasimu ya nadharia ambayo ingepindua uainishaji. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 1950, kwa Kijerumani kigumu, katika nchi iliyovunjika, na wengi duniani hawakukisoma. Kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, baada ya kuandikwa upya, ndipo moto ulipowaka.

Hoja ya Hennig inaweza kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Viumbe wakifanana, ufanano huo unaweza kuwa wa aina mbili. Upo ufanano wa mambo ya kale, ambayo kila mmoja ameyarithi kutoka mbali na ambayo hayatofautishi chochote. Mjusi na chura wote wana miguu minne, lakini hata sisi tulianza na hiyo. Haisemi lolote juu ya ukaribu wa mjusi na chura. Kisha upo ufanano wa mambo mapya, yaliyotokea mara moja kwa mhenga fulani na kubaki kwa wazao wake. Manyoya ya ndege ni jambo jipya. Maziwa ya mamalia ni jambo jipya. Ni aina hii ya pili pekee inayoonyesha tawi limeanzia wapi. Na kundi lolote litakalopewa jina, akasema, liwe tawi zima.

Yeye aliita kazi hiyo sistematiki ya kifilojenia, yaani uainishaji unaofuata nasaba. Jina kladistiki lilienezwa na wengine, wakiwemo waliompinga, mkubwa wao Ernst Mayr wa Harvard. Neno likawashikamania wafuasi wake, na wafuasi wakalivaa.

Sasa turudi kwa kamongo. Chukua viumbe watatu: sato, kamongo, ng'ombe. Sato na kamongo wanafanana kwa mambo ya kale: mapezi, magamba, kuishi majini. Wahenga wa ng'ombe nao walikuwa nayo yote, wakayapoteza. Lakini kamongo ana jambo jipya ambalo sato hana. Pezi lake limejengwa juu ya mfupa mmoja unaoungana na bega, kama mkono wako ulivyo na mfupa mmoja wa juu, ilhali pezi la sato ni miale iliyotandazwa tu. Kamongo anapumua hewa kwa mapafu, ndiyo maana maji yakikauka anajichimbia topeni na kusubiri mvua akiwa hai. Mapafu peke yake hayatoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa yana historia ndefu zaidi, ila mfupa ule wa pezi unatosha kuanzia, na DNA ikamaliza. Mwaka 2013 ulipochapishwa mfuatano wa jeni wa silikanti, samaki yule wa kale ambaye tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa na nyavu za wavuvi wa Tanga, ulinganisho ulionyesha wazi kwamba kati ya samaki wote walio hai, kamongo na jamaa zake ndio walio karibu zaidi na wanyama wa miguu minne.

Mfano huu sikuutunga mimi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi walirushiana maneno kwenye jarida la Nature juu ya samoni, kamongo na ng'ombe, wengine wakisema kladistiki imefika mahali pa upuuzi ikiwa inamweka kamongo na ng'ombe upande mmoja, wengine wakijibu kwamba ndivyo nasaba ilivyo. Mimi nimemtoa samoni nikamweka sato. Baganda wenye mwiko wa kamongo, ukoo wa Mmamba, wamemheshimu samaki huyu kwa sababu zao wenyewe kwa vizazi vingi. Mwanafunzi mmoja mwenye ndugu Uganda ndiye aliyelitaja hilo darasani, na kila mtu akakaa wima.

Maana yake ni kwamba "samaki" si kladi. Ili liwe kladi, lazima uingize humo vyura, kenge, kuku, ng'ombe na watu. "Reptilia" nayo si kladi kama unawaacha ndege nje, kwa sababu mamba ana ukaribu zaidi na kuku kuliko na kenge. Na ukitaka mfano wa mamalia, kiboko: ndugu zake wa karibu kuliko wote walio hai ni nyangumi, si nguruwe.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu kabisa, na ndio ulionifanya niliamini neno hili kwa moyo wote.

Kuna mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayekimbia juu ya majani makavu ya msituni kwa miguu mirefu myembamba. Wengine humwita sange, wengine njule. Kimataifa siku hizi anaitwa sengi, neno lililotolewa kwenye lugha za Kibantu. Mwaka 2005 kamera ya kujipiga yenyewe katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, ilimnasa mmoja ambaye hakuwa akijulikana kisayansi, mwenye uso wa kijivu na mgongo wa chini mweusi. Alipewa jina Rhynchocyon udzungwensis mwaka 2008. Ana gramu kama 700 na ndiye mkubwa kuliko sengi wote. Kenya wanaye mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na maeneo machache ya jirani.

Kwa miaka mingi sengi waliwekwa pamoja na virukanjia na fuko katika kundi la walawadudu. Haeckel mwenyewe, katika kitabu kile kile cha 1866, aliligawa kundi hilo mafungu mawili kwa kutazama maumbile, sengi akaangukia pamoja na wanyama wadogo wa mitini wa Asia. Lilikuwa kundi la kutupia chochote kilicho kidogo, chenye pua ndefu na kinachokula wadudu. Muhanga, yule mchimba vichuguu anayetoka usiku, aliwahi kuwekwa na wala-mchwa wa Amerika Kusini. Tenreki wa Madagaska wenye miiba waliwekwa na nungunungu wadogo wa Ulaya. Fuko-dhahabu wa kusini mwa Afrika waliwekwa na fuko wengine. Ukitazama kwa macho, kila uamuzi una mantiki yake.

Miaka ya 1990 watafiti walipoanza kusoma mfuatano wa jeni, mambo yakageuka. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1997. Mwaka 1998 Michael Stanhope na wenzake wakaipa kladi hiyo jina: Afrotheria, wanyama wa Afrika. Ndani yake wamo tembo, pimbi, nguva, muhanga, sengi, tenreki na fuko-dhahabu. Wote wana mhenga mmoja ambaye si mhenga wa simba wala wa ng'ombe wala wa panya. Sengi ana undugu wa karibu zaidi na tembo kuliko na kirukanjia anayefanana naye mpaka puani.

Lililowashawishi wengi si mfuatano wa jeni pekee. Mwaka 2003 vilielezwa vipande vidogo vya DNA vinavyojinakili na kujichomeka hapa na pale katika kromosomu, vya aina ambayo ilipatikana kwa wanyama hawa tu na si kwa mamalia wengine. Kipande kikishachomeka mahali fulani, ni nadra sana kung'oka bila kuacha alama, na ni nadra vilevile kingine kuchomeka mahali pale pale kwa bahati. Hilo ndilo jambo jipya la pamoja ambalo Hennig alikuwa akilizungumzia, ila sasa limeandikwa ndani ya seli, ambako wala pua ndefu wala miiba haiwezi kumdanganya mtu.

Sababu yake iko kwenye jiografia ya kale. Afrika ilitengana na Amerika Kusini takriban miaka milioni 100 iliyopita, ikakaa kama kisiwa kikubwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka, mpaka ilipoungana na Asia kupitia Arabuni. Katika muda huo wote ukoo mmoja wa mamalia ulijaza nafasi nyingi: wa kula mchwa, wa kuchimba, wa kulisha baharini, wa kukaa kwenye mawe. Katika mabara mengine koo nyingine zilijaza nafasi zilezile, zikaishia na maumbo yaleyale. Simba na pundamilia tunaowatangaza kwa watalii kama sura ya Afrika, wahenga wao waliingia baadaye kutoka kaskazini. Pimbi anayeota jua kwenye miamba ya Serengeti ni mwenyeji kuliko wao.

Na pimbi hakuwa siri kabisa. Wachunguzi wa mifupa walishamhisi zamani: mwaka 1945 George Gaylord Simpson alimweka pamoja na tembo na nguva. Pembe zake ndogo zinatoka kwenye meno ya mbele ya kukatia, kama za tembo, wakati za ngiri zinatoka kwenye chonge. Korodani za dume hubaki ndani ya tumbo. Mimba hudumu zaidi ya miezi saba kwa mnyama asiyezidi kilo chache. Fayum, nchini Misri, kuna visukuku vya pimbi wa kale wakubwa kuliko ng'ombe wengi.

Kuna wanaouliza kama haya yana faida nje ya darasa. Nawajibu kwa kipunji. Nyani huyu wa nyanda za juu za kusini alijulikana kwa wenyeji wa Rungwe kwa jina hilo kabla ya watafiti. Mwaka 2005 alitangazwa kisayansi na kuingizwa kwenye jenasi Lophocebus, pamoja na mangabei, jamii ya kima wenye mkia mrefu, kwa umbo lake. Mwaka uliofuata DNA ikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko na mangabei hao. Kumwacha pale kungefanya jenasi hiyo isiwe ukoo, kwa hiyo akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mnyama aliyekuwa spishi moja kati ya kadhaa akawa tawi zima linaloishi katika maeneo mawili tu ya misitu ya Tanzania, Rungwe pamoja na Livingstone upande mmoja, Ndundulu upande mwingine. Anayepanga fedha za uhifadhi hawezi kulipuuza hilo. Vivyo hivyo muhanga: ndiye spishi pekee iliyobaki ya oda yake yote. Akitoweka, hakuna binamu wa kumbadili. Nguva waliobaki wachache kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa wana ndugu wa karibu watatu tu duniani, wale wa mito na pwani za Atlantiki. Wa nne, nguva mkubwa wa Bahari ya Bering, alielezwa na Georg Steller mwaka 1741 na akawa ameuawa wote kufikia 1768.

Mayr alipinga kladistiki mpaka uzeeni, na hoja yake si ya kudharau. Alisema ndege wamebadilika mno kiasi kwamba kuwaweka ndani ya reptilia ni kuficha habari muhimu: uainishaji uonyeshe na umbali waliosafiri, si njia panda pekee. Naielewa. Hata hivyo nimesimama na Hennig, kwa sababu umbali hauna kipimo tunachoweza kukubaliana wote, wakati swali la nani katoka kwa nani lina jibu moja, hata kama hatujalifikia. Mama anayeuza pale soko la Kirumba aendelee kumwita kamongo samaki. Neno la sokoni lina kazi yake na linaifanya vizuri. Ninachokataa ni vitabu vya shule vinavyoweka samaki na reptilia kwenye chati kana kwamba ni koo, bila hata sentensi moja ya kumwambia mtoto kuwa tawi limekatwa. Ngazi nazifundisha, kwa kuwa mtihani utaziuliza. Kladi naifundisha kwanza.

Mwaka huu darasa lilinibana na swali zuri: kati ya pimbi na nguva, nani yuko karibu zaidi na tembo? Mifupa na visukuku kwa muda mrefu vimeelekeza kwa nguva, na kuna jina la kladi hiyo, Tethytheria, lililotolewa mwaka 1975. Jeni hazikubaliani kwa sauti moja: baadhi zinaunga mkono nguva, nyingine zinamleta pimbi kwa tembo, nyingine zinawaweka nguva na pimbi pamoja. Kisukuku cha kale kuliko vyote cha ukoo wa tembo, Eritherium wa Morocco, kina takriban miaka milioni 60, kwa hiyo matawi hayo matatu yalitengana kabla ya hapo, na inaelekea yalitengana upesi upesi, bila kumpa mhenga wa kati muda wa kujikusanyia mambo mapya ya kutosha kuonekana leo. Ubaoni nimeyachora yote matatu yakitoka kwenye kifundo kimoja. Mwanafunzi aliyeuliza alitaka nichague. Nikamwambia kwa ushahidi uliopo hicho kifundo ndicho jibu, akakichora hivyo daftarini.